Jinsi ya Kuomba Usajili wa Lori la Zamani la Kijeshi nchini Uingereza

Lori lililotumikia jeshi halikuhitaji namba ya kiraia. Jeshi la Uingereza liliyapa magari yake namba zake lenyewe, na malori ya jeshi la Marekani yaliyoletwa Ulaya wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia yaliandikishwa katika vitabu vya jeshi la Marekani tu. Kwa sababu hiyo, mtu anayenunua leo lori la Kimarekani la GMC la 1943 au la Kiingereza la Bedford la miaka ya 1950 ambalo halijawahi kumilikiwa na raia wa Uingereza, hata akiwa amekwisha kuifufua injini na kulipaka rangi upya, hana ruhusa ya kuliendesha barabarani mpaka liandikishwe na DVLA, yaani mamlaka ya leseni za madereva na magari yenye makao yake mjini Swansea.

Kazi ya kuomba inapaswa kuanza kabla ya kazi ya gereji, na hili ndilo ninalotaka kila mpenzi wa magari haya alizingatie. Kwa kawaida afisa anayeshughulikia ombi halioni lori lenyewe. Anachokiona ni karatasi, na karatasi hizo lazima zimthibitishie kwamba lori hili ndilo lenye namba hii ya chasi na kwamba lilitengenezwa katika mwaka unaotajwa. Ushahidi wa mambo hayo mawili umo katika chuma na rangi ya zamani, ambavyo ndivyo vitu vya kwanza kuharibika fundi anapoanza kusugua kutu. Kwa hiyo, kabla fremu haijapigwa mchanga wa shinikizo, itafute namba iliyogongwa juu yake, isafishe taratibu kwa brashi, ipake chaki ili tarakimu zionekane, kisha uipige picha ya karibu na nyingine ya mbali inayoonyesha mahali ilipo. Piga picha pia vibao vidogo vya chuma vilivyomo ndani ya kebini. Katika malori mengi ya Marekani vibao hivyo hutaja namba ya gari na tarehe ya kukabidhiwa kwa jeshi. Visitegemewe peke yake, kwa kuwa vibao vipya vya kuigiza huuzwa waziwazi, na mtu mzoefu huamini zaidi namba iliyogongwa kwenye fremu.

Rangi nayo inastahili subira. Ukisugua boneti au mlango kwa msasa laini na maji, tabaka moja baada ya jingine, mara nyingi namba ya kijeshi hujitokeza chini ya rangi za baadaye. Wakati wa vita, namba za Uingereza zilianza na herufi ya aina ya gari: L kwa malori makubwa, Z kwa malori madogo, M kwa magari ya abiria, A kwa magari ya wagonjwa. Kuanzia 1949 ulifuata mtindo wa tarakimu mbili, herufi mbili na tarakimu mbili. Namba hiyo ni ufunguo wa kumbukumbu: jumba la makumbusho la kikosi cha uchukuzi na ugavi cha jeshi la Uingereza, Royal Logistic Corps, lililopo Worthy Down karibu na Winchester, huhifadhi kadi za magari ya kijeshi, na kwa malipo hutoa nakala ya kadi inayoonyesha namba ya chasi, mkataba wa ununuzi na tarehe gari lilipoondolewa jeshini. Kwa vifaru na magari ya deraya, pa kuuliza ni Bovington, kwenye jumba la makumbusho la vifaru.

Ukishapata ushahidi huo, uwasilishe kwa chama cha wamiliki kinachotambuliwa na DVLA, kwa mfano Military Vehicle Trust, ili kikupe barua ya kuthibitisha umri wa gari. Barua hiyo ndiyo inayoiwezesha mamlaka kukupa namba inayolingana na umri wa lori, namba ambayo haiwezi kuhamishiwa gari lingine. Ikiwa lori liliwahi kuuzwa kwa mkulima au mkata magogo baada ya vita na unacho kitabu chake cha zamani chenye namba ya kiraia, usiombe namba mpya. Jaza fomu V765, ambayo chama hicho pia huiidhinisha, ili lirudishiwe namba yake ya awali.

Kwa gari lililotoka nje ya nchi kuna hatua inayotangulia usajili. Mamlaka ya mapato, HMRC, lazima iarifiwe kupitia mfumo unaoitwa NOVA ndani ya siku 14 tangu gari liingie Uingereza, na DVLA haitaliandikisha kabla ya hapo. Mwombe wakala wa forodha alitangaze lori chini ya kifungu 9705, kinachohusu vitu vya kihistoria vya wakusanyaji. Likiwa na umri wa miaka 30 au zaidi, likiwa katika hali yake ya asili, na aina yake ikiwa haitengenezwi tena, halitozwi ushuru wa forodha, na kodi ya ongezeko la thamani huwa asilimia 5 badala ya 20. Tofauti hiyo inatosha kununua seti nzima ya matairi. Hapa wenye GMC hupata wasiwasi bure: nyingi zilibaki na jeshi la Ufaransa kwa miongo kadhaa na zilifumuliwa na kuundwa upya katika karakana zake, kwa hiyo injini ya aina ileile yenye namba tofauti si dalili ya udanganyifu. Eleza historia hiyo kwa maandishi.

Fomu ya usajili wenyewe ni V55/5, ya magari yaliyotumika. Mahali pa daraja la kodi andika kwamba ni gari la kihistoria. Daraja hili halilipiwi kodi ya barabara, nalo ni la magari yaliyotengenezwa zaidi ya miaka 40 iliyopita ambayo hayafanyi biashara. Ambatanisha barua ya chama, hati ya kigeni ikiwapo, nakala ya leseni yako ya udereva na ada ya pauni 55. Nyaraka za gari zipelekwe zile halisi, nawe ubaki na nakala za kila ukurasa.

Suala la ukaguzi wa kila mwaka wa usalama wa gari (MOT) linahitaji uangalifu. Tangu 20 Mei 2018, gari lenye zaidi ya miaka 40 husamehewa ukaguzi iwapo halijabadilishwa kwa kiasi kikubwa katika miaka 30 iliyopita, na mmiliki hutamka hivyo kwa fomu V112. Mabadiliko yanayoangaliwa ni ya fremu, ekseli na mifumo yake, na injini. Kubadilisha sehemu kwa sababu ile ya awali haipatikani tena hakuhesabiwi kuwa kosa. Lakini kung'oa injini ya petroli na kuweka ya dizeli isiyowahi kufungwa katika aina hiyo ya lori kunaweza kukunyima msamaha. Malori mazito yanayofanya biashara hayamo kabisa katika msamaha huu. Kwa maoni yangu, hata lori lililosamehewa lipelekwe kwa mkaguzi mara kwa mara, kwa maana mipira ya breki iliyokaa miaka mingi huchakaa ndani bila kuonekana.

Wakati ombi likishughulikiwa, chunguza leseni yako. Lori linalozidi kilo 3,500 kwa kawaida huhitaji daraja C1, na linalozidi kilo 7,500 huhitaji daraja C. Waliofaulu mtihani wa gari dogo kabla ya 1 Januari 1997 kwa kawaida wanayo C1 tayari.

Kitabu cha V5C, yaani cheti cha usajili wa gari, kikifika, kilinganishe na fremu, tarakimu kwa tarakimu, kisha angalia mwaka na daraja la kodi. Palipo na kosa, kirudishe mara moja pamoja na maelezo na nakala ya ushahidi, kwa sababu kosa la namba ya chasi huwa gumu kusahihisha lori likiwa limeshauzwa kwa mtu mwingine. Baada ya hapo kata bima na agiza vibao vya namba. Gari la daraja la kihistoria lililotengenezwa kabla ya 1 Januari 1980 linaruhusiwa kubeba vibao vyeusi vyenye herufi nyeupe au za fedha.