Jinsi ya kuiomba kamati iruhusu marekebisho ya breki

Ombi langu la kwanza lilikuwa na maneno matatu: "Breki ziwe huru." Kamati ya ufundi ya mbio zetu za magari ililitupa bila hata kuniita, na sikuwalaumu. Breki zikiwa huru, yaani kila mtu afunge anazotaka, mwenye pesa atafunga diski kubwa na kalipa (vibano vya diski) za pistoni sita, sisi wengine tutabaki kuangalia.

Kwa hiyo omba kitu kimoja, tena cha bei nafuu. Mimi nilichagua mabomba ya kupeleka hewa kwenye diski za mbele. Sababu ni hii: mzunguko wa nane, mwisho wa njia iliyonyooka, nilikanyaga breki pedali ikazama hadi sakafuni. Nikapampu mara tatu ndipo ikashika, nikiwa nimeshatoka nje ya lami. Maji ya breki yalikuwa yamechemka. Maji mapya ya daraja la DOT 4 hutakiwa kuhimili angalau nyuzi joto 230 za Selsiasi bila kuchemka, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho ni 155 tu.

Kisa kama hicho peke yake hakitoshi, kamati imevisikia vingi. Peleka vipimo. Zipo rangi zinazobadilika joto likifika kiwango fulani. Zipake ukingoni mwa diski, endesha mizunguko yako kama kawaida, kisha piga picha. Rudia ukiwa umefunga mabomba, ila siku ya mazoezi, maana bado hayajaruhusiwa na kwenye mbio utafutiwa matokeo. Andika pia siku uliyobadilisha maji ya breki. Mimi niliulizwa hilo kabla ya swali lingine lolote, nikabaki kukuna kichwa.

Usidai kwamba gari litasimama kwa umbali mfupi zaidi. Kama breki za kiwandani tayari zinaweza kuzuia magurudumu yasizunguke kabisa, kikomo ni tairi, na mjumbe yeyote anayejua kazi atakuumbua. Hoja yako iwe joto: breki za mzunguko wa kumi zishike kama za mzunguko wa kwanza.

Kisha waandikie kipengele chenyewe, usiwaachie wabuni. Changu kilisomeka hivi:

"Kila breki ya mbele inaruhusiwa bomba moja la hewa, kipenyo cha ndani kisizidi milimita 76. Bodi isikatwe. Diski, kalipa na silinda kuu zibaki za kiwandani."

Mwanzoni niliandika "bomba dogo". Rafiki yangu mkaguzi akauliza, dogo kama nini? Yeye ana rula na dakika chache kwa kila gari, hawezi kupima "dogo".

Omba sheria ianze msimu ujao, watu wapate muda wa kujiandaa. Na kabla ya kutuma, mtafute anayekushinda kila mara, asaini nawe. Wangu aliisoma yote, akafuta maneno "au zaidi panapohitajika" niliyokuwa nimeyachomeka baada ya ile 76, ndipo akasaini.