Kabla hujanunua fimbo za gofu

Kama ndiyo unaanza gofu, usikimbilie seti kamili. Kanuni zinaruhusu fimbo zisizozidi 14 kwenye mfuko, lakini hakuna anayekulazimisha kuzifikisha. Draiva (ya kupiga mbali), hibridi moja (iliyo kati ya draiva na chuma), chuma namba 6 hadi 9 (fimbo za umbali wa kati), weji mbili (za mipigo mifupi ya juu) na pata (ya kuviringisha mpira shimoni) zinatosha kabisa kumaliza mashimo 18.

Kwenye chuma, tafuta kichwa kipana chenye mgongo uliochimbwa. Uzito wake umesukumwa pembezoni, kwa hiyo hata ukiukosa mpira katikati, umbali haupotei sana. Zile nyembamba zinazopendwa na mabingwa ziache kwanza.

Kitu wengi wanachokipuuza ni mwinamo wa kichwa, yaani pembe kati ya mpini na ardhi, na mimi ningekiangalia kabla hata ya jina la kampuni. Bandika utepe wa karatasi kwenye unyayo wa fimbo (upande wa chini wa kichwa), piga mipira kadhaa juu ya ubao mgumu, halafu igeuze uone alama imekaa wapi. Ikiwa katikati, fimbo inakufaa. Ikielekea ncha iliyo mbali na mpini, kichwa kimelala mno. Ikielekea upande wa mpini, kimesimama mno. Fundi mwenye mashine yake anaweza kurekebisha digrii moja au mbili, hasa kama chuma ni cha kufuliwa, yaani kilichogongwa badala ya kumiminwa kwenye kalibu.

Kwa sababu hiyo fimbo za mtumba zisikutishe. Kagua tu shafti, yaani mpini, isiwe na ufa, na raba ya mshikio ikiwa imekauka, dai upunguziwe bei: kuibadilisha ni kazi ndogo.