Miwani ya VR ya bei chee: anza na simu yako

Mtu akininyooshea miwani yake ya uhalisia pepe (VR), ile inayokufanya ujione uko ndani ya picha, huku akinung'unika kwamba ni takataka, miwani yenyewe hata siigusi. Namwomba simu. Miwani hii ya bei chee, iwe ya kadibodi au ya plastiki yenye mikanda, haina akili yoyote ndani: ni kasha, lenzi mbili na nafasi ya kupachika simu. Google walipoitoa Cardboard, miwani yao ya kadibodi, mwaka 2014 hawakulificha hilo, maana waligawa hadi michoro yake ili anayetaka ajikatie mwenyewe. Picha, mwendo na sauti, vyote vinatoka kwenye simu.

Basi simu lazima iwe na jairoskopu, kile kihisi kinachotambua kichwa kimegeukia wapi. Simu nyingi za bei ya chini hazina. Kuipima ni rahisi: fungua YouTube, tafuta video yoyote ya digrii 360, yaani inayoonyesha pande zote, kisha zungusha simu mkononi taratibu, kushoto na kulia. Picha ikifuata mkono, umepita. Ikiganda mpaka uiburute kwa kidole, usinunue miwani. Hakuna programu itakayokuokoa. Tazama na ukubwa. Cardboard ya toleo la pili, la mwaka 2015, ilikusudiwa simu zisizozidi inchi 6, na simu nyingi za siku hizi zimeshapita hapo. Kwenye kadibodi iliyo wazi pembeni simu itachomoza tu. Kwenye plastiki yenye mfuniko huenda isiingie kabisa.

Kabla ya kuipachika, vua kava, futa kioo na lenzi kwa kitambaa laini, chomoa chaja, zima arifa, na pandisha mwangaza wa kioo. Halafu angalia vibanio vinagusa wapi. Hili watu hulipuuza, kisha wanashangaa simu inajizima kila wakivaa: kibanio kimekalia kitufe cha kuwashia. Isogeze simu kidogo, au igeuze upande wa pili.

Sasa kuna kipande ambacho karibu kila mtu hukiruka, nacho ndicho chenye faida kuliko vyote. Kwenye kasha au karatasi ya maelekezo huenda kuna msimbo wa QR. Si tangazo. Umebeba vipimo vya miwani yako: umbali kati ya lenzi mbili, umbali wa lenzi hadi kioo, na jinsi lenzi zinavyopinda picha. Fungua programu ya Cardboard ya Google, kama bado inapatikana kwa simu yako, ingia kwenye mipangilio, usome msimbo huo kwa kamera. Bila hivyo simu hutumia vipimo vya miwani nyingine. Utaona nguzo na milango ikijikunja unapogeuka, chumba kizima kikionekana kuyumba, na kichwa kikianza kuuma. Miwani yako ikiwa haina msimbo, jaribu wa miwani nyingine yenye umbo linalofanana nayo, kisha geuza kichwa ukiwa umekazia macho mstari ulionyooka, kama pembe ya ukuta. Msimbo unaouacha umenyooka ndio wako.

Ukiona vitu viwili viwili, simu haijakaa katikati. Kwenye programu nyingi kuna mstari mwembamba unaogawa kioo nusu kwa nusu. Uoanishe na alama ya katikati ya miwani. Kama miwani ina gurudumu la kusogeza lenzi, funga jicho moja na urekebishe mpaka maandishi yasomeke, halafu fanya hivyo kwa jicho la pili.

Wenye miwani ya macho huniuliza sana kama waivue. Lenzi zinafanya picha ionekane kama iko mbali, ingawa kioo kiko karibu na pua. Kwa hiyo asiyeona mbali abaki na miwani yake kama inaingia, na mzee anayevaa miwani ya kusomea tu kwa kawaida anaweza kuivua.

Kwa kutazama, YouTube inatosha kuanzia: fungua video ya digrii 360, gusa alama ya miwani, kama YouTube yako bado inayo, kioo kigawanyike mara mbili. Pandisha ubora hadi 4K kama simu na intaneti vinaweza. Hesabu yake ni hii: video ya 4K ina pikseli, yaani nukta za picha, 3840 kwa upana, lakini upana huo umezungushwa pande zote. Wewe unaona kama robo yake kwa mara moja, yaani pikseli 960. Video ya 1080p, yenye pikseli 1920 kwa upana, inakuachia 480, na hapo ukungu unaolalamikia si kosa la miwani.

Tafuta video ambazo kamera imesimama mahali pamoja. Treni za kupinduka na magari ya mashindano yaache kwanza, hata kama ndiyo watu hupenda kumvalisha mgeni ili wacheke. Jicho likisema unakwenda na sikio la ndani likikataa, tumbo ndilo linaloadhibiwa. Keti kwenye kiti kinachozunguka. Usitembee: miwani hii inafuata mgeuko wa kichwa tu, haijui kama umepiga hatua, na ukuta ni ukuta. Ukisikia jasho jembamba au mate kujaa mdomoni, vua papo hapo, usijikaze. Mtoto asiachwe nayo peke yake.

Picha ikianza kuteleza upande mmoja yenyewe, toa simu, ilaze mezani itulie kidogo, kisha uanze upya. Simu ikiwa moto hivyo pia ipumzike. Ukimaliza, usiiache miwani juani ikiwa na simu ndani. Lenzi hukusanya miale ya jua kwenye kioo na kukiunguza, na alama hiyo haifutiki.