Namna ya Kumtibu Paka Mwenye Minyoo
Kabla ya kununua dawa, chunguza manyoya ya chini ya mkia na mahali paka anapolala. Vipande vyeupe mfano wa punje za mchele, ambavyo pengine bado vinajikunja na kujinyoosha, ni vya tegu. Minyoo mirefu kama tambi, inayotapikwa au kuonekana kinyesini, ni ya mviringo. Tofauti hiyo si ya kupuuzwa, kwa kuwa dawa iitwayo piranteli huua minyoo ya mviringo lakini haimdhuru tegu, ambaye huhitaji dawa nyingine, prazikwanteli.

Kipimo hufuata uzito: simama kwenye mizani ukiwa umembeba paka, kisha jipime peke yako na utoe uzito wako. Paka wachanga huambukizwa kupitia maziwa ya mama, hivyo daktari wa mifugo huweza kuwaanzishia dawa wakiwa na wiki 3 tu.

Tegu hurudi upesi usipoangamiza viroboto, kwani paka huwameza anapojilamba. Hata hivyo, usithubutu kumpaka dawa ya mbwa yenye permethrini, maana huweza kumuua. Kinyesi kizolewe kila siku, na mama mjamzito asiifanye kazi hiyo, kwa sababu ya vimelea vya toksoplazma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.