Kuuguza mzazi nyumbani bila nyumba nzima kuugua

Jirani yangu hapa Gungu, Kigoma, kamrudisha baba yake kutoka hospitali wiki mbili zilizopita. Kiharusi, upande wa kulia hausogei. Alinijia jioni moja akiwa hoi kuliko mgonjwa mwenyewe. Mimi nilimuuguza mama miaka miwili kwa hali hiyohiyo, na nilichomwelekeza ndicho hiki.

Hatua ya 1: Chumba. Kiwe karibu na choo, kitanda kisigusane na ukuta ili mgonjwa afikiwe pande zote mbili. Basi.

Hatua ya 2: Daftari. La shule tu, litundikwe msumarini na kalamu ifungwe kwa uzi. Andikeni saa, alichokula, dawa, na upande aliolazwa. Msitumie grupu la WhatsApp la familia. Sisi tulitumia, dawa ya presha ikapotelea chini ya picha za harusi na "amina" arobaini, mama akapewa mara mbili.

Hatua ya 3: Zamu za usiku. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, mchana na usiku, la sivyo ngozi ya makalio, nyonga na visigino inakufa kwa kugandamizwa. Mimi na dada tulidhani haki ni kupokezana: saa nne yeye, saa sita mimi, saa nane yeye. Kumbe hapo halali mtu. Hata zamu ikiwa si yako unatega sikio kama mwenzako ameamka. Wiki ya tatu tukagombana saa tisa usiku kwa ajili ya kijiko cha uji, mama anatusikia, machozi yanamtiririka hadi sikioni.

Kateni usiku vipande viwili. Mmoja ashike saa nne hadi saa nane, mwingine saa nane hadi kumi na mbili asubuhi. Huyu wa pili alale mapema; taarifa ya habari ya saa mbili atahadithiwa. Asiye na zamu alale chumba kingine, mlango umefungwa. Alamu iwe kwenye simu ya mwenye zamu, ndani ya foronya. Mwenzake asiamshwe ila kwa jambo la kweli: homa kali, kupaliwa, kupumua kwa shida. Ukiwa peke yako usijidanganye kwamba utaweza. Tafuta mtu wa kulipwa hata usiku mbili kwa wiki, na yule kaka wa Dar anayetuma maagizo kila siku atume na hela yake.

Kila mkimgeuza, kagueni ngozi. Kwa weusi wetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa kwa mgongo wa kiganja: pakiwa pa moto au pagumu kuliko pembeni, asilalie hapo. Usipasugue kwa mawese, hata shangazi akikasirika. Na ule mpira wa ndani wa tairi mtakaoshauriwa kumkalisha juu yake, tupeni. Unabana kuzunguka, damu haifiki katikati. Mama ulimpa kidonda cha miezi minne.

Hatua ya 4: Kula. Akae wima, na abaki hivyo nusu saa baada ya kula. Anayepaliwa na maji, uji mzito humpita vizuri zaidi. Samaki wa mgebuka mchambueni miiba yote.

Hatua ya 5: Wageni. Sisemi wasije, Kigoma gani hiyo? Waje saa kumi hadi kumi na mbili jioni, na anayeuliza "nisaidie nini?" apewe kazi palepale: ndoo mbili za maji, au akae na mgonjwa wewe ukaoge. Mama mmoja wa mtaani kwetu alikuwa akija kila Alhamisi, anachukua mashuka, anafua, anaanika, anaondoka. Kiti hakukigusa.

Jirani alianza na hatua ya tatu. Jana saa mbili asubuhi nilimkuta nje anapiga mswaki, akaniashiria nipunguze sauti. Dada yake alikuwa bado amelala.