Darasa la awali la watoto wa familia zenye dhiki: mwalimu aanzie wapi

Mtoto wa miaka minne anayetoka kwenye nyumba yenye dhiki haji shuleni akiwa mtupu. Anajua kumbembeleza mdogo wake mpaka alale, anajua kupeleka ujumbe kwa jirani na kurudi na jibu, na pengine anaongea lugha mbili. Mara nyingi anachokosa ni shibe, usingizi, na mtu mzima mwenye nafasi ya kuzungumza naye bila haraka. Mwalimu anayerukia herufi kabla ya hayo atakuwa anafundisha ukuta.

Siku ya kuandikisha

Kaa na mzazi pembeni, si mbele ya foleni. Uliza: nyumbani anaitwaje? Nani atamleta, nani atamchukua, na kuna asiyetakiwa kumchukua? Analala na nani, na huwa wanalala saa ngapi? Akikasirika anaongea lugha gani? Hilo la mwisho ndilo litakalokwambia lugha yake halisi, ukiuliza tu "anajua Kiswahili?" utajibiwa ndiyo. Uliza pia kama ana ugonjwa, dawa, au chakula kinachomdhuru.

Usiulize "chakula kipo nyumbani?" Hakuna mtu anayejiheshimu atakayejibu hapana. Uliza wazazi wote swali lilelile: "Asubuhi kabla hajatoka huwa anapata nini?" Ukisikia "huwa hapendi kula asubuhi" kutoka kwa wazazi sita mfululizo, umeshaelewa.

Chukua namba za simu mbili, pamoja na ya jirani, na uzihakiki kila mwanzo wa mwezi. Kwenye familia zenye dhiki laini hupotea na simu huuzwa. Siku mtoto ameungua homa si siku ya kugundua kwamba namba haipatikani.

Mlangoni

Dakika kumi za kwanza simama mlangoni, si mezani. Inama hadi macho yenu yakutane, msalimie kila mmoja kwa jina, na huku unamsalimia umwangalie: macho, ngozi, pumzi, mwendo, nguo zilizolowa. Mtoto mwenye njaa si lazima alie. Mara nyingi huegemea ukuta, hulaza kichwa, au huwa mkali na kumpiga mwenzake kwa jambo dogo. Walimu wengi huita hali hiyo utundu na kuanza kuadhibu tumbo.

Kama shule inatoa kifungua kinywa, kitolewe ndani ya nusu saa ya kwanza, kabla ya somo lolote. Watoto wote wapewe chakula kilekile, mahali pamoja. Orodha ya "wanaostahili" ikishakuwepo, watoto wataijua kabla ya wiki kwisha. Pakua kidogo kwanza, na mtoto awe huru kuomba tena. Atakayeficha kipande mfukoni usimvue wala usimwite mwizi. Anajiwekea akiba kwa sababu uzoefu umemfundisha hivyo. Chakula kikija saa ileile kila siku bila kukosa, tabia hiyo kwa kawaida hupungua yenyewe. Jumatatu mtarajie walio na njaa na hasira zaidi, kwa kuwa siku mbili zilizopita hazikuwa na chakula cha shule.

Anayesinzia mtandikie mkeka pembeni, alale nusu saa hivi. Analala chumba kimoja na watu wazima wanaochelewa kulala. Kumwamsha kwa makofi hakumwongezei usingizi.

Ukiwa na shaka na mwili wa mtoto aliye chini ya miaka mitano, utepe wa kupima mzunguko wa mkono hutoa jibu la haraka. Pima mkono wa kushoto ukining'inia, katikati ya bega na kiwiko, utepe ukigusa ngozi bila kubana. Chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali: apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Kuanzia 115 hadi chini ya 125 bado anahitaji kuonwa na mhudumu wa afya. Bonyeza pia upande wa juu wa nyayo zote mbili, si chini, kwa kidole gumba kwa sekunde 3. Likibaki shimo kwenye miguu yote miwili, huo ni uvimbe wa hatari hata kama mtoto anaonekana mnene. Kazi yako ni kumpeleka kwa wataalamu. Tiba waachie wao.

Maji ya kunawa

Pasipo bomba, tengeneza kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia linaloinamishwa kwa kukanyaga kijiti. Chukua dumu la lita 5. Pasha msumari moto, toboa tundu moja upande usio na mkono, kama sentimita 12 chini ya kifuniko. Litundike kwa mkono wake kwenye fito, tundu likiwa usawa wa kifua cha mtoto; likiwa juu zaidi maji yatateremka hadi viwiko na kulowesha nguo, na wengine hawana nguo ya pili. Toboa kifuniko, pitisha kamba na uifunge fundo kwa ndani, kisha ncha ya chini uifunge kwenye kijiti cha kukanyagia. Jaza maji hadi chini kidogo ya tundu. Ukijaza kupita hapo yatavuja mchana kutwa. Sabuni itoboe na kuitundika kando, uifunike na nusu ya kopo isinyeshewe. Kunawa ni sekunde 20, yaani wimbo mfupi ukiimbwa mara mbili. Kwa watoto 25 weka madumu mawili, la sivyo foleni itageuka vurugu.

Mazungumzo ndiyo somo

Ukiwa na muda wa kuboresha jambo moja tu, boresha namna unavyozungumza na watoto. Madarasa mengi ya awali mwalimu husema na watoto huitikia kwa pamoja, asubuhi nzima. Kuitikia kwa pamoja hakumpi mtoto nafasi ya kuunda sentensi yake.

Chukua neno la mtoto, lirefushe, umrudishie. Akisema "Gari!", usiseme "vizuri sana" ukapita. Sema: "Gari jekundu limekwama kwenye mchanga. Tulitoeje?" Kisha nyamaza, uhesabu moyoni hadi tano. Kimya hicho ni kigumu kwa mwalimu kuliko kwa mtoto, na ndani yake mtoto anatafuta maneno. Akijibu "Sukuma", mwambie: "Tulisukume. Mbele au nyuma?" Zamu nne au tano namna hiyo, na kila mtoto ampate mwalimu hivyo walau mara moja kwa siku. Weka alama ya penseli kwenye orodha ya majina. Bila alama utajikuta kila siku umeongea na wale wale sita wachangamfu.

Akikosea ngeli, usimsahihishe mbele ya watu. Akisema "kiti yangu imevunjika", wewe jibu: "Loo, kiti chako kimevunjika!" Atasikia. Na anayejua lugha ya nyumbani tu, mpokee kwa lugha hiyo kama unaijua, au mkalishe na mwenzake anayeijua. Kumkataza lugha yake ni kumnyamazisha kwa miezi.

Kitabu kimoja kisomwe wiki nzima. Siku ya kwanza soma chote bila kukatiza. Ya pili simama kwenye maneno mapya, matano au sita yanatosha, uyaoneshe kwa vitendo. Ya tatu uliza "kwa nini" na "unadhani nini kitafuata". Ya nne wao ndio wasimulie kwa kufuata picha. Ya tano waigize. Kitabu kilichosomwa mara moja kikarudishwa kabatini hakijafundisha chochote.

Kama vitabu hakuna, kata vipande 8 vya boksi, sentimita 20 kwa 15, toboa matundu sentimita 2 kutoka ukingoni, na uvifunge kwa kamba iliyolegea ili kurasa zifunguke. Kila ukurasa una mchoro wa mtoto na sentensi aliyoitamka yeye, ukiiandika mbele ya macho yake neno kwa neno. Wengi hapo ndipo wanapoelewa kwamba maandishi ni maneno yaliyosemwa.

Herufi zianze na jina la mtoto lililoandikwa kwenye kadi karibu na msumari wa kutundikia mfuko wake. Kupiga makofi kwa silabi ni rahisi kwa Kiswahili kwa sababu silabi zake nyingi huishia na irabu: ma-ji, ki-ti, ka-la-mu. Lakini jihadhari na kwaya ya a-e-i-o-u. Darasa zima linaweza kuimba vizuri na hakuna anayejua herufi hata moja. Onesha "o" peke yake, nje ya mpangilio, umuulize mtoto mmoja mmoja. Hesabu vilevile: anayehesabu hadi ishirini kwa sauti mwambie, "Nipe vifuniko vinne." Akikupa kiganja kizima, amejifunza wimbo, bado hajajua namba. Rudi kwenye moja hadi tano.

Vitu vya kuchezea

Vipande vya mbao kutoka kwa fundi seremala ni hazina. Omba vikatwe kwa uwiano: kifupi kimoja, kingine urefu mara mbili, kingine mara nne. Hapo mtoto hugundua mwenyewe kwamba viwili vifupi ni sawa na kimoja kirefu. Pitisha msasa kila pembe. Usitumie mbao zenye rangi ya zamani, maana inaweza kuwa na madini ya risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto.

Kufinyanga kunakomaza vidole kabla ya penseli. Kinyunya cha vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, vijiko vikubwa 2 vya mafuta na maji kidogo kidogo hadi kikombe 1 hufaa: kikinata ongeza unga kijiko kimoja kimoja, kikimeguka ongeza maji. Hata hivyo, pale ambapo watoto wenyewe hawajashiba, kuchezea unga mbele yao na mbele ya mama zao si jambo jema. Tumia udongo wa mfinyanzi: chekecha, loweka usiku mmoja, kanda, uufunike kwa kitambaa kibichi.

Kama kuna watoto wa chini ya miaka mitatu, kila kifaa kipitishe kwenye kiini cha karatasi ya chooni. Kinachopenya kinaweza kumkaba mtoto huyo. Vifuniko vya chupa hupenya, kwa hiyo ni vya wakubwa tu. Betri bapa za saa zisiwepo kabisa. Ikimezwa, huunguza koo ndani ya saa chache.

Mchezo huru upewe dakika 45 hivi mfululizo. Dakika 15 huisha watoto wangali wanagombania nani awe mama. Kukaa kwenye mkeka kumsikiliza mwalimu, dakika 10 hadi 15 zinatosha.

Anayepiga na anayejikunyata

Zoea kutangaza mabadiliko: "Bado dakika tano," kisha "bado mbili." Mtoto ambaye nyumbani mambo hubadilika bila taarifa huona kila badiliko kama hatari. Picha za ratiba zibandikwe ukutani usawa wa macho yao, na zifuatwe kweli.

Akilipuka, chuchumaa, punguza maneno: "Umekasirika. Kupiga hapana. Niko hapa." Mahubiri yasubiri atulie. Fimbo isiwepo. Anayejikinga uso ukinyoosha tu mkono kuchukua chaki ameshakwambia kitu. Akikueleza jambo la kuumizwa, sikiliza, usimhoji kwa maswali ya kumwelekeza, usimwahidi siri. Andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na tarehe na saa, na utoe taarifa siku hiyo kwa mamlaka ya ulinzi wa watoto. Usimkabili kwanza unayemshuku; atakayelipia ni mtoto.

Wazazi

Mzazi anayelipwa kwa siku akihudhuria kikao cha mchana amepoteza mlo wa jioni. Zungumza naye dakika tatu mlangoni, au panga jioni. Madeni na sare visitajwe mbele ya watoto. Kazi za nyumbani zisihitaji kununua: mtoto ahesabu sahani, apange viatu viwili viwili, asimuliwe hadithi na bibi.

Kutembelea nyumbani kunalipa. Katika mradi wa Perry, darasa la awali la watoto wa familia maskini lililoanza mwaka 1962 huko Ypsilanti, Michigan, Marekani, walimu walimtembelea kila mtoto na mama yake mara moja kwa wiki, kama saa moja na nusu. Wewe huenda utaweza mara moja kwa muhula. Toa taarifa kabla, kaa unapokaribishwa, usitoe daftari, anza na jambo moja zuri mtoto alilofanya, na uondoke baada ya nusu saa. Usiahidi msaada usio mkononi mwako, na usikopeshe fedha: mdaiwa huanza kukukwepa, na mtoto huacha kuja.

Daftari la mwalimu

Kwenye mahudhurio andika sababu, si alama ya kutokuwepo tu. Baada ya mwezi utaona mpangilio: mmoja hukosa siku za mvua kwa kuwa hana viatu, mwingine hubaki na mtoto mchanga mama akienda kibaruani. Kila sababu ina njia yake ya kuitatua, na barua ya onyo haitatui hata moja.

Kila siku andika sentensi moja kuhusu watoto watano, ili darasa la 25 liishe kwa wiki. Andika ulichokiona. "Ana maendeleo mazuri" haimsaidii mtu. Hii inasaidia: "Jumanne. Amepanga mbao sita, zikaanguka, akacheka, akapanga tena akiweka ndefu chini. Amesema: 'Kubwa ikae chini.' Bado hashiki penseli kwa vidole vitatu." Kesho yake unajua umpe udongo zaidi, na swali la kumuuliza ni kwa nini kubwa ikae chini.