Kutofautisha mtundu na myombo

Juzi mpwa wangu alikwenda porini, huku kwetu Sikonge, mkoani Tabora, kutafuta gome la myombo la kusokotea kamba za kupandishia mizinga ya nyuki. Akarudi na mzigo wa gome la mtundu. Simlaumu, kwani miti hii ni ndugu wa jenasi moja, Brachystegia: mtundu ni spiciformis, myombo ni boehmii. Nilimwonyesha hivi.

Hatua ya 1. Vuta tawi la mti uliokomaa kwa fimbo ndefu yenye kulabu. Usikate kwa panga bado. Gome nalo usilitegemee, hubadilika mti ukizeeka.

Hatua ya 2. Hesabu vijani. Kila jani lina vijani vilivyopangwa jozi jozi kwenye kikonyo kimoja. Mtundu una jozi chache, mara nyingi 4, tena pana. Myombo una jozi nyingi, zaidi ya 10, nyembamba, na jani zima huning'inia kama unyoya. Basi.

Hatua ya 3. Hakikisha huo mtundu si muva. Mimi hapa niliwahi kupoteza siku nzima. Muva (Julbernardia globiflora) ni wa jenasi nyingine, lakini huota bega kwa bega na mtundu na jozi zake pia ni chache, kwa hiyo kuhesabu hakukusaidii. Tazama jozi ipi ni kubwa kuliko zote: kwa mtundu ni ile ya nchani, kwa muva ni ya katikati. Pima majani matano au sita ya matawi tofauti, maana jani moja hudanganya. Usichume machipukizi ya kisikini. Majani yake hukua makubwa kupita kiasi. Usiende pia wakati majani ni mapya na mekundu, kabla ya mvua, kwani yanakuwa hayajafikia ukubwa wake, na wekundu huo miti yote mitatu inao. Ukikuta maganda ya mbegu yamesimama juu ya majani, ya kahawia na laini kama mahameli, huo ni muva. Mfuga nyuki ana ushahidi mwingine: mtundu huchanua mvua zinapokaribia, muva huchanua mvua zikiwa zimeshakolea.

Hatua ya 4. Ukishaupata myombo, bandua gome la tawi ulilokata, kamwe usizungushe shina. Mti uliobanduliwa gome pande zote hufa, na nyuki wako wanautegemea kwa maua.